Gredi ya Mama Hana

Tangu biashara iachiwe huria, kila mwenye miguu miwili pale sokoni Singida alijiita mfanyabiashara, na wengi wao, Mungu atusamehe, walikuwa matapeli. Yasinta, Mama Hana kwa wateja wake, hakuwemo kundi hilo. Akifungua belo la mitumba anachambua mbele yako: gredi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Shati lenye doa kwapani, hata ungemlilia asingelipandisha gredi.

Kwa sifa hiyo akafuatwa na Laurian, kijana mwenye duka la kompyuta karibu na stendi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Laurian alikuwa akitafuta programu za kompyuta za zamani, zikiwa bado ndani ya maboksi yake, awauzie Wazungu wanaozikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu. Nao huchagua kwa gredi. Shehena kubwa ilikuwa njiani. Mama Hana akiyachambua vizuri haya maboksi machache yaliyotangulia, kazi ya shehena nzima ni yake, ndani ya duka, kivulini. Na jua la sokoni lilikuwa limemchosha, tena limemchosha hasa.

Alifanya kazi kwa moyo wote pale dukani. Akanusa ukungu, akabonyeza pembe, akatazama kama diski na kitabu cha maelekezo vimo. Likabaki boksi moja lililofungwa nailoni yake ya kiwandani. Sasa, mtu wa sokoni akiona kitu kimefungwa hivyo, roho haitulii. Jirani yake aliuziwa redio katika boksi zuri namna hiyo, kufika nalo kwake Unyambwa, ndani tofali! Yasinta amuuzie mtu mbuzi kwenye gunia? Thubutu! Akaichana nailoni. Vitu vyote vilikuwemo, vipya kabisa, akaliweka gredi ya kwanza huku akitabasamu.

Laurian aliporudi akashika kichwa.

"Mama! Thamani yake ilikuwa hiyo nailoni! Wenzetu wanataka ambalo halijafunguliwa!"

Aibu ikampanda Yasinta mpaka masikioni. Kuharibu mali ya mtu kwa uaminifu, nani alishaona?

"Basi ni gredi ya pili. Kosa langu, nitalilipia."

"Ulipie ya nini?" Laurian akashusha sauti. "Nailoni ninayo, na pasi ya mkaa ya kuigandishia ile pale. Lifunge upya, liwe gredi ya kwanza. Mzungu atajuaje? Shehena ikifika unaanza kazi."

Yasinta akalitazama lile duka lenye ubaridi wake. Alilitaka, jamani, asikudanganye mtu.

"Likishafunguliwa limefunguliwa, mwanangu."

"Basi na kazi hakuna."

"Haya."

Akalilipia boksi, akalibeba mpaka kwenye meza yake sokoni, jua la saa saba likimchoma utosini. Machozi yalimlengalenga. Akayafuta kwa ncha ya kanga, akaliinua boksi juu ya mashati, akapaza sauti soko zima lisikie:

"Boksi la kompyuta, gredi ya pili! Nimelifungua mwenyewe!"