Ubeti Usio na Maneno

Ukimwita Mama Mapazia mwimbaji, atakucheka mpaka pini zimdondoke mdomoni. Kazi yake ni mapazia, basi: kupima dirisha, kukata, kupiga pindo. Lakini ujanani aliimba, yeye na mdogo wake, na wimbo wao mmoja redio haziuachi hadi leo. Wimbo huo unasema: mlango nimeurudishia tu, sijaufunga. Atakayechelewa ausukume aingie. Wimbo anaujua kila mtu. Mwenye wimbo, hata majirani hawamjui.

Mchana huo mapazia meupe yalitundikwa chumba kizima, yakipanda na kushuka kwa upepo wa dirishani, naye alikuwa nusu kazini, nusu usingizini. Alipofumbua macho, binti mmoja alikuwa amesimama katikati ya vitambaa. Mama akadhani bado anaota.

"Shikamoo, mama. Hodi nimepiga mpaka mkono umeniuma."

"Marahaba. Nimeisikia, nikajua ni ndotoni. Haya, dirisha lako lina upana gani?"

Binti akacheka. Hakufuata pazia. Yeye ni mwimbaji, ameuimba upya ule wimbo wa mlango, amemtafuta mwenyewe kwa jina la kwenye santuri, na hautoi mpaka auridhie.

"Ukisema hapana, mama, naufuta. Haki ya Mungu."

Akaweka simu juu ya meza ya kukatia. Ngoma za zamani hazikuwepo. Wimbo ulikuwa umepunguzwa mwendo, ukitembea kama mtu aliye pekupeku katika nyumba ya waliolala. Mama aliupenda, na hilo likamuudhi kidogo, maana alikuwa ameshajiandaa kununa.

Ukafika ubeti wa tatu. Katika santuri yao ubeti huo hauna maneno: mama anauvumisha tu, midomo imefungwa, mpaka kiitikio. Watu waliusifu, wakasema huo ndio ufundi. Ufundi gani! Ulikuwa ubeti wa mdogo wake. Siku ya kurekodi mdogo mtu alikuwa kitandani na homa, akamwambia, "Dada, nishikie nafasi. Nikipona nitakuja kutia sauti yangu." Hakupona. Na dada mtu akaishika nafasi ile mpaka kichwa kikajaa mvi.

Sasa binti alikuwa ameijaza kwa maneno yake mwenyewe.

"Zima!" Mama aliisukuma simu. "Nani kakwambia hapo pana nafasi wazi? Hapo pana mtu!"

Binti akazima upesi. Machozi yalimlengalenga, lakini hakujitetea. Akauliza kwa sauti ya chini, "Nani, mama?"

Waliousifu mvumo ule walikuwa wengi, ila huyu ndiye wa kwanza kuuliza. Mama akakaa juu ya rundo la vitambaa, akamsimulia. Mdogo wake alikuwa mcheshi, na mchelewaji wa kupindukia. Hata kuzaliwa alichelewa, mama yao akisema. Ubeti ule aliutunga akisukwa, akiruka kila nywele ilipovutwa, na dada mtu akimfinya atulie.

"Basi nauondoa ubeti wangu," binti akasema. "Nitapaacha kama ulivyopaacha."

Mama alitazama pazia likipanda na kushuka. Hofu yake ilikuwa moja, na sasa aliijua: siku mtu mwingine akiikalia nafasi ile, mdogo wake atakuwa amekufa kweli.

"Piga tena," akasema.

Ubeti wa tatu ulipofika, sauti ya binti ikaingia, na chini yake mama akafungua mdomo. Hakuvumisha. Aliimba maneno ya mdogo wake, yote, maneno ambayo hayakuwahi kutoka nje ya chumba walicholala wawili. Sauti zilikwenda pamoja bila kugongana. Wimbo ule ulitungwa uwe wa watu wawili, naye alikuwa amesahau.

Binti alikuwa akilia waziwazi. "Mama, niruhusu niyarekodi hayo."

"Hayo yana mwenyewe." Mama alijifuta uso kwa pindo la pazia la mteja. "Yako ni mazuri, mwanangu. Wimbo utoe hivyohivyo, na ubeti wako humo."

Binti alipokwenda, mama akarudi kwenye cherehani, akauanza tena ubeti ule, safari hii kwa sauti ya juu. Jirani akagonga ukuta.

"Mama Mapazia! Leo una mgeni? Uko na nani humo?"

"Niko na mdogo wangu," akajibu, akaendelea kushona.