Kikohozi cha Bibi Anjela

Jamani, sikilizeni ya leo.

Nyumba tuliyopanga hapa Izia ina vyumba sita, na kuta hazifiki kwenye bati. Bibi Anjela wa chumba cha pili akikohoa alfajiri, wote tunaamka.

Leo kimya.

Nikagonga. "Shikamoo, Bibi!" Kimya.

Nikapanda kwenye kiti, nikachungulia juu ya ukuta. Joto la mkaa likanipiga usoni. Kumbe kwa baridi hii kalala na jiko ndani, dirisha kafunga!

Tukavunja mlango, tukamtoa uani. Mungu mkubwa, kazinduka.

Hospitali, daktari kasema ile nafasi ya juu ya ukuta, ilipopitia hewa, ndiyo imemwokoa.

Nyie, majiko yenu yamelala wapi?

Fundi wa kuiziba ile nafasi alikuwa aje kesho. Nilimwita mimi, nimechoshwa na kikohozi.