Duka zima kushukiwa kuwa roboti

Leo steshenari nzima ya ami hapa kijijini Kihanga imeshukiwa kuwa ni roboti. Chanzo ni mimi.

Nilichoka kutafuta bei ya kahawa mtandaoni kila mara. Nikaandika programu fupi iwe inatafuta yenyewe.

Nikasahau kuiwekea mapumziko. Ikatafuta bila kuvuta pumzi, kwa intaneti ya dukani.

Mtandao ukashtuka. Sasa kila mteja akitaka kutafuta kitu kwenye kompyuta ya duka, anaambiwa kwanza athibitishe yeye si roboti: achague picha zenye taa za kuongozea magari.

Taa za kuongozea magari. Kihanga.

Mama mmoja katoka Kamuli kutafuta dawa ya mnyauko wa migomba. Akaitazama skrini, akanigeukia.

"Mwanangu, si umeniamkia shikamoo hapo mlangoni? Roboti huwa unamwamkia?"



Programu nimeizima. Mtandao bado umenuna.

Ami hakufoka. Amenivutia kiti tu. Kila mteja akija, mimi ndiye nambofyia taa.

Jamani, anayejua: ile nguzo ya taa nayo inahesabika kuwa taa? Jibuni upesi, foleni imefika nje.