Viti vya Kamati ya Zabuni

Kutoka Kigoma hadi Bukoba nilitumia siku nne: treni mpaka Tabora, treni nyingine mpaka Mwanza, kisha meli iliyonitapisha ziwa zima. Mjomba aliniita kwa kuwa nilikuwa nimemaliza sekondari, na yeye hakuweza kuandika barua za serikali. Alifika Buhaya kupalilia kahawa, kama Waha wengi wa kwetu Kigoma, akajifunza useremala na kufungua karakana Rwamishenye. Alitaka kuitengenezea serikali madawati, ili watu waache kumwita kibarua.

Kwa barua yangu ya kwanza, kamati ya zabuni ilitujibu tulete kiti cha mvule kama sampuli. Tukapeleka. Zabuni akapewa mwingine, na sampuli haikurudi. Kila mwaka ikawa hivyo. Siku zile za ujamaa kila mtu alikuwa ndugu, hata sisi, mpaka zabuni zifunguliwe. Nimezunguka miji mingi tangu hapo, na bado nikiingia ofisini natazama viti kwanza.

Mara ya tano yalikuwa madawati ya shule ya kijiji kipya huko Ngenge. Tulipoitwa kusikia matokeo, wajumbe wote watano walikuwa wamekalia viti vya mjomba. Sisi tulisimama.

"Ndugu fundi," mwenyekiti alisema akiegemea nyuma, "kazi yako haina dosari. Tatizo ni uzoefu. Hujawahi kuitengenezea serikali kitu."

"Waitu," mjomba akamwita kwa heshima ya Kihaya, "na hicho ulichokalia?"

"Hii ni sampuli."

"Umeikalia miaka mitano!"

"Ndiyo maana nakwambia haina dosari."

Mjumbe mmoja akacheka. "Nyie Waha si mna jembe? Haraka ya zabuni ya nini?"

"Basi simameni," mjomba akasema, "nichukue sampuli zangu."

Hakuna aliyesimama. Mwenyekiti alieleza kwa upole kwamba kurudisha sampuli kunahitaji kikao, na kikao kinahitaji viti.

Zabuni ilikwenda kwa ushirika wa useremala ulioundwa wiki ileile. Ulikuwa na mhuri na katibu, shemeji yake mwenyekiti wa kamati. Msumeno haukuwa nao. Ndipo katibu alipokuja karakana kumwajiri mjomba.

"Usikubali, Mjomba," nilimsihi.

"Nimeshakubali. Watakaokalia ni watoto, mjomba. Wao hawana kamati."

Barua za kuandika zikawa zimekwisha, na kazi yangu pia. Asubuhi niliyoondoka moja kwa moja, kwa lori la kwenda Biharamulo, nilimkuta akipaka rangi jina la ushirika nyuma ya kila dawati. Aliniomba nimkagulie herufi. Nilikagua yote. Hakuwa amekosea hata moja.