Siku Niliyopaka Mafuta ya Breki kwenye Pijo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo moyo unanienda mbio kama wa kijana wa miaka ishirini. Ilikuwa Ijumaa. Kesho yake dada yangu Theresia alikuwa anaolewa, na katikati ya ua wetu pale Maisaka lilikuwa limesimama gari. Gari, mwanangu! Wewe umezaliwa mji umejaa bajaji na bodaboda, huwezi kujua. Katika miaka ile ya shida, baada ya vita, magari madogo yaliyotembea Babati ungeyahesabu kwa vidole na vingine vikabaki bila kazi. Bibi harusi alikwenda kanisani kwa miguu au juu ya tela la trekta, na gauni lilipofika altareni lilikuwa limeshageuka rangi ya barabara. Dada yangu alikuwa anakwenda kwa Pijo!

Nakuandikia haya kwa sababu nawaona vijana mnavyoosha magari yenu uani siku hizi, chupa mmezipanga juu ya ukuta, ya povu, ya vioo, ya matairi. Nikipita nasimama kutazama. Natamani niombe kitambaa nisaidie, halafu nakumbuka nilichokifanya, naendelea na safari yangu.

Gari lile lilikuwa la Mzee Hamisi, jirani yetu mwenye duka karibu na soko. Sisi Wakatoliki, yeye Mwislamu, lakini aliposikia Theresia anaolewa alimwambia mama, "Binti yako ni binti yangu, atakwenda kwa gari." Na halikuwa gari chakavu. Wiki chache nyuma lilikuwa limepakwa rangi upya, samawati iliyotulia kama ziwa asubuhi, kazi ya Fundi Bura. Bura alikuwa kijana aliyenizidi miaka mitano hivi. Alikuwa ameshapaka milango na madirisha ya nusu ya mji, lakini gari zima lilikuwa la kwanza kwake. Alipita kwetu Ijumaa ile, akalizunguka mara mbili mikono nyuma.

"Paulo," akaniambia, "kesho Babati nzima italitazama hili gari. Wakiuliza nani kapaka, mtaje Bura, na sauti uipandishe!"

Kazi ya kuliosha nilipewa mimi, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilionekana mtu wa kuaminika. Mzee Hamisi aliniletea nusu mche wa sabuni ya dukani, kitambaa cha flana, na kikopo cha nta ya kung'arishia gari kilichobakiwa na kidogo tu chini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sasa sikiliza, wewe umesoma, sitaki kurudia. Sabuni hii ni ya gari. Si ya nguo, si ya mwili, ni ya gari. Iyeyushe kwenye maji mengi, osha kwa flana, anza juu ushuke chini. Likikauka, nta kidogo, ncha ya kidole. Hiyo rangi bado changa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana mzee."

Alipoondoka nikaitazama ile sabuni. Mwanangu, mwaka ule sabuni ilikuwa kitu cha kuota usiku. Watu walifua kwa majivu. Mama alikuwa anatumia sabuni ya kupika nyumbani, mafuta ya ng'ombe na kostiki, kali mpaka vidole vyake vilichubuka. Nikajiambia: kuliogesha gari kwa sabuni ya dukani wakati mama yangu anachubuka vidole, si dhambi hiyo? Maneno mazuri, ya mtu mwenye huruma. Lakini sabuni ile sikumpa mama. Nilikuwa na shati moja jeupe, na kwenye kwaya kulikuwa na msichana aliyeitwa Agnes. Niliifunga kwenye gazeti nikaificha chini ya godoro, nikachukua kipande cha ile ya kupika, nikaanza kuosha gari.

Niliosha kwa raha, nikiimba! Vumbi la barabara ya Bonga, matope ya mtoni, vyote vilitoka. Nikamwaga maji, nikasubiri likauke, nikaona kitu cha ajabu. Ile samawati ilikuwa imeingia ukungu mweupe, kama kioo ulichokipulizia pumzi. Nikasugua kwa flana, haukutoka. Nikafungua kile kikopo cha nta nikapaka paa. Paa likarudi! Nikapaka mlango mmoja, nao ukarudi. Hapo nta ikaisha, na boneti bado ilikuwa imefubaa, ile boneti itakayotangulia mbele ya macho ya watu wote.

Basi akili yangu ya kidato cha nne ikafanya kazi. Madereva wa malori waliokuwa wanapumzika Bonga nilishawaona wakifuta matairi kwa mafuta ya breki, na matairi yanameta meusi kama viatu vya askari. Nikafungua buti ya Pijo, nikakuta chupa ya mafuta ya breki karibu nusu. Nikamimina kwenye flana, nikapaka boneti yote.

Lo! Ukungu ulipotea hapo hapo. Boneti ilimeta kuliko ilivyometa siku ilipotoka kwa Bura. Nikapiga kelele, "Theresia! Njoo uone!" Dada akatoka na nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama, akainama juu ya boneti akajiona uso. Alicheka mpaka akashika mbavu, akaanza kucheza pale pale kwenye matope. Shangazi zangu wakapiga vigelegele. Nilisimama kifua mbele na flana begani, nikajiona fundi wa mafundi wote.

Hiyo ilikuwa saa nane mchana. Saa kumi nilitoka kunywa chai, nikakuta boneti imejikunja. Umewahi kuona utando wa maziwa yaliyopoa ukiusukuma kwa kijiko? Hivyo hivyo. Nikagusa kwa flana ili nilainishe, rangi ikaja na flana, chini kukabaki kijivu.

Mama akatokea nyuma yangu. "Paulo, gari la watu umelifanya nini?"

"Ni jua, mama."

"Jua? Jua gani la Babati linalobandua rangi?"

"Rangi yenyewe haikuwa nzuri," nikasema. Mwanangu, sikuwa nimepanga kusema hivyo. Yalitoka tu, na yalipotoka nikaona yanafaa.

Asubuhi, kabla Mzee Hamisi hajafika, shangazi zangu walifunika boneti kwa khanga mbili mpya na kurundika maua ya bogenvilia juu yake. Mzee akafika, akacheka. "Mmelivika na gari ushungi!" Akaingia, akawasha, tukaondoka. Nilikaa mbele karibu naye, shati langu jeupe pe, linanukia sabuni ya dukani. Nyuma Theresia alikuwa anapunga mkono kama mke wa rais. Watu walikimbia pembeni ya barabara wakishangilia, na ninakiri kwamba kwa muda ule nilisahau kila kitu, kwa furaha iliyokuwa ndani ya gari lile.

Tulipoingia uwanja wa kanisa upepo uliinua khanga moja, ya pili ikateleza yenyewe. Maua yakamwagika. Kijana mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Jamani, hili gari lina ukurutu!" Kicheko kikapasuka uwanja mzima.

Mzee Hamisi alishuka, akatazama. "Bura! Yuko wapi Bura? Njoo uone kazi yako! Mwezi haujaisha! Umeniaibisha mbele za watu, fundi gani wewe?"

Bura alikuwa miongoni mwa wageni, amevaa koti lililombana mabega. Akasogea. Akapitisha kidole pale palipokunjamana, akakinusa. Kisha akainua macho akanitazama mimi, moja kwa moja. Alijua. Nikatazama viatu vyangu. Theresia alikuwa amesimama kando ya mlango, ameshika gauni lisiguse chini, macho yamejaa hofu.

"Nitaipaka upya, mzee," Bura akasema. "Leo ni harusi. Tuingie."

Wakaingia. Nami nikaingia nikaimba na kwaya.

Nilikaa kimya wiki tatu. Bura aliipaka upya ile boneti. Mwalimu mmoja na bwana mifugo, waliokuwa wamemwahidi magari yao, waliyapeleka Arusha. Kila nilipomwona Bura barabarani nilibadilisha njia. Naye hakunifuata, hakunitaja kwa mtu.

Kisha sabuni ikaja. Mzee Hamisi alipata mgao, na kufika saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imezunguka kona ya duka. Mimi nilikuwa mtu wa nne, nimedamka kuipata hiyo nafasi. Mbele yangu alisimama Mzee Sulle wa Bonga, mwenye lori. Alipofika kaunta akauliza, "Hamisi, lori langu limeshika kutu, nataka kulipaka. Huyu Bura vipi?"

"Bura?" Mzee Hamisi akaguna. "Rangi yake inabanduka kama ngozi ya nyoka. Nenda Arusha."

Sijui nguvu ilitoka wapi. Nikatoka kwenye mstari, na mama mmoja akasogea papo hapo kuziba nafasi yangu.

"Mzee Hamisi, si Bura. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilipaka boneti mafuta ya breki. Kabla ya hapo niliosha kwa sabuni ya kostiki. Ile sabuni yako nilifulia shati."

Akina mama wakaanza. "Kumbe ndiyo maana liling'aa!" "Agnes, unasikia? Alijipamba kwa ajili yako kwa sabuni ya gari!" Na Agnes mwenyewe alikuwemo kwenye foleni, mwanangu, amejifunika uso kwa khanga anacheka. Mzee Hamisi peke yake hakucheka. Aliegemea kaunta.

"Siku ile nilimtukana Bura mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wote, mzee."

"Basi wewe unanong'ona nini hapa? Toka nje uwaambie wote. Wa mwisho yuko huko konani, hajasikia."

Nikatoka. Nikatembea kando ya foleni nzima, nikisema na kurudia: rangi ya Bura ilikuwa nzima, mimi ndiye niliyeiua. Mara ya kwanza sauti ilitoka ndogo. Mara ya tatu ilitoka vizuri, na nakuambia kweli, nilipofika kona ile nilijisikia mwepesi kiasi cha kutaka kukimbia. Niliporudi, Mzee Hamisi alikuwa anafunga mlango wa duka.

"Mzee, sabuni!" watu wakapiga kelele.

"Sabuni itangoja. Sulle, twende. Na wewe, mwenye shati, tangulia."

Tulimkuta Bura anasugua mlango wa kabati kwa msasa. Mzee Hamisi, mtu mzima mwenye mvi, alivua kofia. "Bura, nilikuonea. Nisamehe." Bura akamwitikia, akampa kiti. Mzee Sulle akasema ataleta lori Jumatano, aanze na mlango mmoja aone. Wakaanza kuzungumza habari za rangi.

Nikamsogelea. "Kaka Bura, ulijua toka siku ile. Kwa nini hukusema?"

"Dada yako alikuwa na gauni jeupe, Paulo. Ningesema, Mzee Hamisi angekupiga palepale, damu imrukie." Akacheka, nami nikacheka. Kisha akaacha kucheka, akarudi kwenye msasa wake. "Nilijua utakuja mwenyewe. Nilikutarajia Jumatatu ile, baada ya harusi."

Jumatatu, mwanangu. Nami nilikuja baada ya wiki tatu. Lile lori alilipaka, likapendeza mno, na kazi nyingine zikafuata. Lakini gari la mwalimu na la bwana mifugo hayakufika kwake kamwe, na lawama ya hayo mawili ni yangu hadi leo.

Kwa hiyo sikia. Ukiosha gari lako nyumbani, tumia sabuni iliyotengenezwa kwa ajili ya gari. Ya vyombo na ya kufulia ziache jikoni, zinakula nta na kufubaza rangi. Soma maandishi ya chupa mpaka mwisho, hata yale madogo ya nyuma. Osha kivulini, bodi ikiwa imepoa. Maji ya kusuuzia kitambaa yawe kwenye ndoo yake, maana mchanga ukirudi juu ya bodi unachora. Kitambaa cha matairi kisiguse boneti. Dawa usiyoijua ijaribu kwanza mahali padogo pasipoonekana, kisha ngoja. Usiamini mng'ao wa saa ya kwanza. Mng'ao huo ulinifanya mjinga kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Mafuta ya breki yakidondoka kwenye rangi, mwagia maji mengi mara moja, usisubiri hata dakika moja. Na rangi mpya iulizie kwa aliyeipaka, ndiye anayejua imekomaa lini.

Ukikosea, na utakosea, nenda siku hiyo hiyo kwa mwenye gari, kabla jina la mtu mwingine halijatajwa. Mwambie ulichopaka, na kwa nini ulipaka. Utaona aibu, miguu itagoma, nenda hivyo hivyo.

Haya, mwanangu, chukua ndoo yako, asubuhi hii ni nzuri na jua bado halijawa kali. Mungu akupe mikono yenye subira na majirani wa aina ya Bura, na gari lako libebe maharusi wengi, wote wafike salama wakicheka.