Tulivyoipeleka Pikipiki Same Kukaguliwa Namba

Nilikwenda Same kwa sababu moja tu: nilitaka kadi ya pikipiki isomeke jina langu. Niliinunua kwa tangawizi ya shamba alilonipa mama, na kikundi chetu cha wakulima hapa Mamba kilikubali tusombe mizigo ya wote msimu huu, mume wangu aendeshe, mali iwe yangu. Sharti lilikuwa kadi. Mwaka jana msombaji alinyang'anywa pikipiki na mwenye kadi katikati ya mavuno, tangawizi za watu zikaozea uani. Wakasema basi, pikipiki ya kuazima hatutaki tena.

Alfajiri tuliondoka, mume wangu, Baba Ombeni, akiendesha, mimi nyuma na mtoto mgongoni. Kwenye mteremko wetu wa mawe pikipiki haikutetereka.

"Unaona kola inavyofanya kazi?" akajisifu.

Kola ni kipande cha chuma kinachochomelewa kwenye shingo ya pikipiki, chini ya usukani. Magunia ya tangawizi na mteremko wetu huzikata shingo hizo, kwa hiyo huku kabla ya mzigo wa kwanza pikipiki huvishwa kola. Yetu ilivishwa Jumamosi, nikiwa shambani. Nikamwambia imetulia kweli. Najuta hata kumsifia.

Kisiwani tulisimama nimnyonyeshe mtoto. Mama mwenye mgahawa alituangalia tulivyovaa, akacheka. "Mnakwenda harusini?"

"Tunampeleka bibi harusi akaguliwe," mume wangu akajibu, akiipapasa pikipiki tangi.

Same mjini tulimkuta Mzee Shabani, aliyetuuzia, ameshafika kutoka Usangi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Tufanye haraka. Kesho kutwa nahamia Tabora kwa kijana wangu, sitarudi huku leo wala kesho."

Kadi haibadilishwi jina kabla polisi hawajaikagua pikipiki. Mkaguzi wao alikuwa askari wa kike, mpole, ana kitambaa chenye petroli, karatasi na penseli. Kazi yake ni kusafisha namba iliyogongwa kwenye chuma, kuweka karatasi juu yake na kusugua penseli mpaka tarakimu zijitokeze, kisha kuzilinganisha na kadi. Aliinama. Akazunguka upande wa pili, akainama tena.

"Namba ya shasi iko wapi?"

"Shingoni, afande," akajibu mume wangu.

"Shingoni naona bati. Mmelichomelea lini?"

"Jumamosi."

"Yaani mmenunua, mkafunika, halafu mkaniletea nisome?"

Nikasema asome ya injini. Akaisoma, ikalingana na kadi. Akatikisa kichwa. "Injini hubadilishwa, dada. Shasi ndiyo pikipiki yenyewe."

Tuliisukuma hadi gereji ya ng'ambo ya barabara, afande akifuata nyuma. Fundi akalikata bati kwa uangalifu. Nilikuwa namwomba Mungu. Lilipodondoka, chuma cha chini kilikuwa kinang'aa kama kijiko. Fundi wa Mamba alikuwa amekisugua kwa mashine kabla ya kuchomelea, ili bati lishike vizuri. Hapakubaki hata tarakimu moja.

Nilimgeukia mume wangu palepale, mbele za watu. "Una akili wewe? Ulishindwa kusubiri siku mbili? Unavisha kola pikipiki ya watu!"

Afande akasema pikipiki yenye namba iliyosuguliwa haiwezi kuondoka kabla ya uchunguzi, na kwamba muuzaji naye aandike maelezo.

Mzee Shabani akavua kofia. "Nimetoka nyumbani kuja kuuza mali yangu halali, leo nahojiwa kama mwizi." Aliandika lakini, akisema wazi kuwa pikipiki ni yake na ametuuzia. Aliondoka bila kutuaga. Sikumlaumu.

Alasiri tulipanda basi la Gonja, nimepakata mtoto, mume wangu amepakata helmeti. Mlimani tulipanda kwa miguu. Njiani ndipo aliposema, "Nilikuwa nawaza wewe na mtoto. Ikikatika shingo kule kwenye kona, mnaniachaje?" Hasira ilikuwepo bado, ila sikujua tena niitupe wapi.

Kikundi hakikuweza kutusubiri. Tangawizi ikishang'olewa haimngoji mtu. Kazi akapewa kijana wa jirani. Uchunguzi bado, na kila nikiuliza naambiwa nivumilie.

Kwa hiyo nawaambia waziwazi ninyi mnaonunua pikipiki: ikaguliwe kwanza, kadi ibadilishwe, ndipo mfikirie fundi. Mimi nimejifunza hilo gunia langu likiwa limefungwa juu ya pikipiki ya mtu mwingine. Yule kijana aliniuliza kama kamba imekaza. Nikaivuta, nikamwambia imekaza, aende.