Gari Lililovuta Kushoto

Mwanangu, hapa Mbinga hakijabaki kitu cha kunishangaza mimi. Nimeona lori la makaa ya mawe la Ngaka limelala ubavu katikati ya njia, na dereva wake kakaa juu ya mlango anatafuna muwa. Nimeona kahawa ikipanda bei asubuhi na kushuka kabla sijamaliza kupakia. Shule niliishia darasa la nne, na leo nina magari matatu, nyumba ya matofali ya kuchoma kule Mkumbi na nyingine ya kupangisha mjini, na hakuna bati hata moja nililopewa na mtu. Kwa hiyo nikikuita ukae hapa nikwambie neno, ujue nakupa mali.

Neno lenyewe linahusu gari langu la kwanza. Lilikuwa pikapu kuukuu, rangi yake hata aliyeniuzia hakuweza kuitaja, na nililinunua kwa jasho la kubeba magunia. Nilikuwa kijana tu. Nashusha maharage na mahindi ziwani, napandisha usipa, dagaa wetu wa ziwani. Siku hizo njia ya kushuka Mbamba Bay ilikuwa ya vumbi, kona inakupeleka kwenye kona, mlima upande huu na korongo upande ule, na mimi niliishuka kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni.

Huko huko ziwani, Lipingo, ndiko nilikompata mama yenu. Sisi Wamatengo Wakatoliki, wao Wanyasa wa Anglikana, lakini hayo wazee waliyazungumza yakaisha. Baba yangu mdogo alipeleka posa, ikapokelewa. Kilichobaki ni kupangiwa siku ya mahari. Nikatembea kifua mbele, nadhani kila mwanamke wa soko la samaki alikuwa ananitazama mimi.

Sasa sikiliza. Gari lile lilikuwa linavuta kushoto. Ukinyoosha usukani, lenyewe linakwenda kushoto. Ukitaka liende sawa, sharti usukani uwe umepinda kulia kidogo. Fundi wa kwanza mjini akaniambia ni tairi, akaniuzia tairi. Wa pili akasema breki, akafungua na kufunga. Likaendelea kuvuta. Nikaona basi, nimelizoea. Tena nilijiona bingwa, maana hakuna mwingine aliyeweza kuliendesha. Vijana wenzangu wakishika usukani wanapiga kelele, mimi nacheka.

Siku moja nikawapakia mbele Agnes, ndiye mama yenu huyo, pamoja na shangazi yake, tunapanda Mbinga sokoni. Kwenye kona moja nikamgeukia Agnes nimwambie neno la kumfurahisha. Mkono ukalegea. Neno halijamfikia, gurudumu la kushoto limeshatoka njiani, linaning'inia juu ya korongo. Shangazi hakusubiri, alitokea mlango wangu, akanipita mapajani na kilo zake zote, hata samahani hakusema. Alipokanyaga chini akamshika Agnes mkono, wakageuka kurudi Lipingo kwa miguu.

Mimi nilisaidiwa na watu wa lori lililokuwa likipita, tukalivuta gari, nikateremka moja kwa moja kwa baba yake, Mzee Yohana. Nilimkuta uani kwake anashona wavu. Kelele za shangazi zilikuwa zimekwisha kunitangulia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hilo gari lako linataka kwenda wapi?"

"Linavuta kidogo tu, baba. Kushoto."

"Kushoto kuna nini?"

"Korongo, baba."

"Basi kijana, wewe unaendesha kwenda Mbinga na gari linaendesha kwenda korongoni. Atakayeshinda ni nani?" Akakata uzi kwa meno. "Yule mwalimu wa hapa shuleni ana pikipiki. Akiielekeza kanisani inakwenda kanisani. Naye alishauliza habari za binti yangu, sisi tukamwambia kuna Mmatengo mwenye gari."

Mwanangu, nilisikia masikio yanawaka.

"Sikia," akasema. "Binti yangu hapandi hilo gari. Na mke asiyeweza kupanda gari la mumewe ni mke wa kazi gani? Nenda kalinyooshe, halafu uje unipakie mimi mwenyewe. Nikirudi hapa mzima, tutapanga siku ya mahari. Ukishindwa, usipa tutaendelea kukuuzia. Binti, hapana."

Nikaapa moyoni kwamba gari lile haligusi fundi tena. Nitalinyoosha mwenyewe.

Na hapa ndipo nataka ufungue masikio, kwa sababu kuna watu wenye magari ya bei mbaya hawayajui haya. Barabara zetu zimeinuka katikati na kulala pembeni ili maji yatiririke, na sisi tunapita kushoto. Hata gari zima, ukiliachia, litaelekea kidogo kushoto. Kwa hiyo kwanza toka barabarani. Mimi nililipeleka kwenye uwanja wa mpira wa parokia, pale palipo tambarare, nikaendesha kwenda na kurudi. Likavuta vile vile, huko na huku. Nikajua si barabara.

Nikapima upepo wa tairi zote, sawa. Nikahamisha tairi za mbele, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Kama ugonjwa ungekuwa kwenye tairi, gari lingegeuka livute kulia. Halikugeuka. Ila wakati naihamisha ile ya kushoto niliona imeliwa upande wa ndani, imekuwa laini kama kisigino cha mtawa. Nikajisemea, tairi hii haina kosa, imeonewa. Nikateremka mlima nikifunga breki, nikasimama, nikasogeza kiganja karibu na kila gurudumu. Joto la kulia na la kushoto lilikuwa moja, maana yake hakuna breki inayong'ang'ania. Nikapima kwa shubiri kutoka ardhini hadi kwenye bodi, kushoto na kulia. Springi hazikuwa zimelala.

Kisha nikafunga kamba. Nilinyoosha usukani, nikaifunga nyuma ya tairi la nyuma na kuivuta mbele, igusane ubavu kwa ubavu na tairi la mbele. Upande wa kulia kamba ilibusu tairi lote. Upande wa kushoto iligusa mbele tu. Nyuma ya tairi paliingia kidole changu kizima. Gurudumu la kushoto lilikuwa linatazama nje, kama mtu anayekusalimia huku anaangalia kwa jirani.

Nililipata! Lakini kwa nini litazame nje? Nikalegeza pale mafundi wanaporekebishia, nikaligeuza mpaka kamba ikakaa. Nikafurahi, nikapakia, nikaenda safari zangu. Wiki haikwisha, limerudi kule kule. Nikarekebisha tena. Likarudi tena. Wakati huo habari zinapanda kutoka ziwani kwamba mwalimu amemtembelea Mzee Yohana na amemletea sukari.

Nikashuka Lipingo bila kuitwa. Nilitaka kumwonyesha mzee kwamba ninahangaika, asije akanihukumu kabla. Nikamweleza yote, tairi, breki, springi, kamba. Alisikiliza, akauliza swali moja.

"Linalala wapi?"

"Nyumbani, baba."

"Najua halilali hotelini. Linalalaje?"

Nikamwambia. Wewe unaijua Mkumbi, mwanangu, hakuna pa kuweka hata kikombe kisimwagike. Nyumba yetu ipo kwenye mteremko kama nyumba zote. Handbreki ilikuwa imekufa zamani, nami nilikuwa na jiwe langu, kubwa, nimelichimbia mwenyewe. Kila jioni nashuka na gari, limejaa au tupu, nakata usukani, naliachia gurudumu la kushoto lipige jiwe, gu! Linasimama. Kila mtu kwetu anafanya hivyo. Tena jiwe langu lilisifiwa.

Mzee Yohana akacheka mpaka akauweka wavu chini. "Nyie watu wa milimani! Mtumbwi wangu ukianza kuvuta upande, siendi kugombana na kasia. Nauliza nani aliuvuta mchangani, na aliulaza ubavu gani juani. Wewe unalipiga gari lako kila jioni kwenye goti lile lile, halafu asubuhi unaliuliza mbona unachechemea?"

Nilipanda mlima nikiwa naona gari lote kichwani mwangu, kipande kwa kipande. Kwenye gurudumu lile inafika fimbo ya chuma inayotoka kwenye usukani, mafundi wanaiita tairodi. Jiwe likisukuma gurudumu, fimbo ndiyo inayoshika mzigo. Nikaifungua mwenyewe, na ya kulia pia, nikazibiringisha juu ya meza. Ya kulia ilibiringika kimya. Ya kushoto iliruka, tok, tok, tok. Ilikuwa imepinda, na mikono ya mafundi wote wa mjini ilikuwa imepita juu yake bila kuiona. Mimi wa darasa la nne nikaiona.

Nikaenda Songea nikapata iliyotumika, nzima, nikaifunga, nikavuta kamba mpaka pande zote mbili zikabusu. Kisha nikachukua jembe, nikachimba mlima, nikatengeneza pa kulala gari, pa usawa, na handbreki nikaifufua. Majirani walidhani nachimba msingi wa nyumba. Leo kila mwenye gari pale kijijini ana kiwanja chake cha usawa, na wazo ni langu, usidanganywe.

Siku ya kumpakia Mzee Yohana alikuja amevaa koti la kanisani. Shangazi naye akatokea, akasema kwa ule mshtuko wa siku ile yeye hakanyagi ndani bila kitenge, tena doti nzima. Nikakinunua pale pale dukani. Tukapanda mlima. Kwenye kipande kilichonyooka mzee akasema, "Achia." Nikaachia usukani. Mikono juu, kama mtu aliyeshikwa na polisi. Gari likaenda sawa, njia yake, bila kuuliza mtu. Mzee alitazama korongo likipita pembeni, akatazama usukani, akasema, "Shika sasa, usijionyeshe." Tuliporudi Lipingo akamwita Agnes alete maji ya kunawa, tule. Nikajua nimepata mke.

Kwa hiyo mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kitu chako kikienda upande, usikimbilie kununua, na usijisifu kwamba umekizoea. Ondoa sababu moja moja kwa mkono wako mwenyewe, na ukishalipata kosa usiridhike mpaka ujue linatoka wapi, kwa kuwa kosa linalorudi lina mtu anayelilisha, na mara nyingi mtu huyo ni wewe, jioni, umechoka, unafanya kama kila mtu anavyofanya. Mungu akunyooshee njia zako za kupanda na za kushuka, akupe mikono isiyoogopa grisi na wakwe wasioogopa kukwambia ukweli.

Na usije ukadhani mke mwema na gari lililonyooka ni vya matajiri tu. Tairodi, nauli ya Songea kwenda na kurudi, na kitenge cha shangazi, vyote pamoja: shilingi elfu arobaini na saba na mia tano.